Brauza Haijui Kiswahili, Tusiiachie Ikate Maneno Yetu

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi iliyopita pale Mwenge kwenye kikao chetu cha mafundi wa websaiti. Kuna watu mvua iliwakamata njiani wakaniomba niyaweke yote, basi haya hapa kama yalivyotoka mdomoni, slaidi nimeziruka maana zilikuwa ni skrinshoti tu.

Ndugu zangu, wadau, dada zangu mliokaa mbele na nyie mliojibanza nyuma karibu na chupa za chai, habari za asubuhi. Nimeambiwa nina nusu saa ya kuongelea dizaini. Dizaini nzima siiwezi kwa nusu saa, hata kwa mwaka siiwezi, kwa hiyo nimekuja na swali moja tu. Neno refu likifika mwisho wa mstari kwenye hedingi, yaani kile kichwa cha maandishi makubwa cha ukurasa, na nafasi imeisha, nani anaamua likatwe wapi?

Mnacheka. Najua mnasema huyu katoka Mbagala na mvua yote hii kuja kutuuliza mambo ya kukata maneno. Subirini kidogo.

Miaka michache nyuma nilipewa kazi na chuo kimoja, jina nalihifadhi. Walitaka ukurasa wa mbele ubebe maneno mawili tu, USAJILI UMEFUNGULIWA. Kwenye leptopu yangu ilipendeza kweli, herufi kubwa nzito za pikseli 64, picha ya wanafunzi wanacheka nyuma yake. Nikapiga picha nikamtumia bosi wa usajili, akajibu kwa kidole gumba, tukaenda hewani Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi napigiwa simu: kijana, mbona fomu hazijazwi, na kila anayetupigia anauliza kwa nini mmefunga mapema?

Mmefunga? Nani kafunga? Nikaenda mpaka pale chuoni, nikamwomba mlinzi wa getini simu yake, simu ya kawaida tu ambayo nusu ya nchi inayo, upana wa skrini pikseli 360, ukitoa nafasi za pembeni unabaki na 328 za kuandikia. Nikafungua. Mstari wa kwanza, USAJILI. Mstari wa pili, UMEFUNG. Basi. Herufi zilizobaki zimeingia ukutani.

Niambieni, Mswahili akiona UMEFUNG anamalizia nini kichwani?

(Ukumbi mzima ukajibu: umefungwa!)

Umefungwa! Hakuna aliyesema umefunguliwa. Na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hili ni letu, halipo kwenye mafunzo ya YouTube. Kiswahili kinaweka habari mkiani. Funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, tega na tegua, mzizi ni ule ule na maana inageuka huku mwisho mwisho. Kwa Kiingereza kufunguliwa na kufungwa ni maneno mawili yasiyofanana hata herufi ya kwanza, ukikata mkia mtu bado anaotea. Sisi ukikata mkia umegeuza tangazo. Nilifunga usajili wa chuo kizima siku tatu bila kugusa geti.

Kwa nini ilitokea? Kwa sababu brauza, yaani Chrome, Firefox na wenzake, ukiiacha kama ilivyo inavunja mstari kwenye nafasi kati ya neno na neno, na kwenye kistari kama kipo. Neno lisilo na nafasi ndani yake kwake ni jiwe, halipasuliwi. Likizidi boksi linatokeza nje, ukurasa unaanza kuyumba kushoto kulia ukiskroli, mnaujua ule mtikisiko. Mimi ule mtikisiko nilikuwa naona aibu nao, kwa hiyo nilikuwa nimeweka overflow: hidden kwenye boksi la hedingi, amri ya CSS, ile lugha ya kupangia sura ya ukurasa, inayoficha kinachotokeza nje. Yaani tatizo sikulitatua, nililifunika na shuka. Na tusidhani ni habari ya simu za bei rahisi peke yake, maana mzee mwenye kompyuta ya pikseli 1280 akikuza ukurasa mpaka asilimia 400 ili aone, amebakiwa na upana wa 320, na WCAG 2.1 ya mwaka 2018, mwongozo wa kufanya websaiti zitumike na kila mtu, unataka hata hapo asome bila kuskroli pembeni. Wangapi hapa mmejaribu hedingi zenu kwenye 320? Mikono juu. Naona miwili, na mmoja unajikuna.

Sasa baada ya hapo nikawa mjanja. Au tuseme nilijiona mjanja. Nikaingia mtandaoni, nikakuta mtu kaandika weka word-break: break-all matatizo yote kwisha, nikaweka. Sikuweka sehemu moja, niliweka kwenye kila hedingi ya kila websaiti niliyokuwa naishika. Na kweli hakuna kilichotokeza nje tena, nikalala usingizi.

Mteja mmojawapo alikuwa mwalimu, mama mtu mzima, ana websaiti ya masomo ya ziada kwa watoto wa sekondari. Akaandika makala nzuri tu, kichwa chake NJIA 5 ZA KUMALIZA SILABASI. Saa tatu usiku simu inaita. Nikapokea, shikamoo mwalimu, marahaba, kimya. Halafu akasema kwa sauti ya chini kabisa: mwanangu, hebu fungua ile websaiti kwenye simu, usisome kwa sauti.

Jamani mstari wa pili sitausema, na wa kwanza pia sitausema. Nitawaambia hesabu tu. Baada ya neno ZA, mstari wa kwanza ulikuwa na nafasi ya herufi nne. Brauza ikachukua herufi nne za mwanzo wa neno linalofuata, ikaziacha pale juu, herufi kubwa, nzito, rangi nyekundu. Fanyeni wenyewe kimoyomoyo.

(Hapa ilibidi ningoje. Kaka mmoja alitoka nje kabisa.)

Haya turudi. Lile neno halikuwa refu! Herufi nane tu. Lingeshushwa mstari wa pili lingeenea na chenji inabaki. Sasa kwa nini lilikatwa? Kwa sababu break-all haiulizi kama neno linaenea, yenyewe ikifika ukingoni inakata popote, inakata tu, kama kondakta anayefunga mlango una mguu nje. Ilitungwa ikifikiria maandishi kama ya Kichina na Kijapani yakichanganyika na mengine, ambako kukata kati ya alama na alama ni jambo la kawaida. Haikutungwa kwa ajili ya mwalimu wangu.

Ninayoitumia mimi leo ni overflow-wrap: break-word. Wazee wa kazi mnaikumbuka kwa jina la word-wrap, Microsoft waliianzisha kwenye Internet Explorer kwa jina hilo na brauza zinalikubali mpaka leo. Hii ina adabu. Kwanza inajaribu kulishusha neno zima, na ikiona hata likiwa peke yake kwenye mstari halienei ndo inakata. Ina ndugu yake, anywhere, wanafanana karibu kila kitu, tofauti inaonekana ukiweka hedingi ndani ya flex au gridi, zile njia za CSS za kupanga maboksi: ukitumia break-word boksi linajihesabia upana kwa lile neno refu zima na linagoma kusinyaa, wewe unahangaika unadhani CSS imerogwa, wakati ukitumia anywhere boksi linakubali kusinyaa, au baki na break-word halafu mpe yule mtoto wa flex, yaani boksi lililo ndani yake, min-width: 0. Hilo peke yake lilinila siku nzima, nawapa bure.

Lakini zote mbili zina kasoro moja na kwetu ni kasoro kubwa. Zikikata hazitii kistari. Neno linakatika kimyakimya, huku kipande, kule kipande. Na vipande vya maneno ya Kiswahili ni nini? Ni maneno! Tunawapenda ukilikata linasoma Tuna, chini Wapenda. Wanafunzi linasoma Wana, chini Funzi. Lugha yetu imejengwa kwa vipande vinavyojitegemea, ukivitenganisha bila alama msomaji hana sababu ya kujua ni neno moja.

Kwa hiyo mnasema, si kuna hyphens: auto? Ipo. Weka lang, ile alama ya kutaja lugha, kwenye ukurasa, weka hyphens: auto, brauza inakata yenyewe kwa silabi na kistari inaweka. Kwa Kiingereza inakwenda vizuri sana na sio uchawi, kuna jamaa anaitwa Frank Liang, mwanafunzi wa profesa Donald Knuth pale chuo kikuu cha Stanford, mwaka 1983 aliandika tasnifu ya namna ya kufundisha kompyuta kukata maneno kwa vijimfano vidogo vya herufi. Vijimfano 4,447 tu, vikapata kama asilimia 89 ya sehemu sahihi za kukata kwenye kamusi ya mfukoni, na karibu hakuna kosa. Mpaka leo kazi ile ndo iko chini ya hii tunayoichezea. Ila kila lugha inahitaji vijimfano vyake. Wajerumani wanavyo, na bila hivyo wangekufa, waliwahi kuwa na sheria ya jimbo moja kuhusu kuweka lebo kwenye nyama ya ng'ombe ambayo jina lake ni neno moja la herufi 63, wakaja kuifuta 2013.

Sisi je? Mimi nimejaribu, lang="sw", hyphens: auto, Chrome na Firefox, kwenye simu na kwenye leptopu. Neno limekaa kama nililolikuta. Halafu kuna kibaya zaidi ya kukaa kimya. Templeti nyingi tunazonunua zinakuja na lang="en" na hakuna anayeibadilisha, kweli uongo? Basi ukiwasha auto hapo, brauza inakata Kiswahili chako kwa kanuni za Kiingereza, inajiamini kabisa, kama mgeni anayekuelekeza njia ya mtaani kwenu. Nendeni mkabadilishe leo, hata kama habari ya kukata maneno haiwahusu, maana programu ya kusoma skrini inayotumiwa na wasioona nayo inaangalia hapo hapo ijue isome kwa lafudhi gani.

Nikasema sawa, kama hawana, nitajitengenezea. Na mbona ni rahisi? Kukata silabi tumefundishwa darasa la kwanza, ba be bi bo bu. Aliyesoma ushairi anajua mizani, utenzi kila kipande mizani nane, shairi la kawaida mshororo una kumi na sita, na mizani ni nini kama sio silabi? Babu zetu walikuwa wanahesabu kitu hiki kwa vidole kabla kompyuta haijazaliwa. Silabi za Kiswahili karibu zote zinaisha na irabu. Kwa hiyo nikaandika kiprogramu kifupi: kila baada ya irabu ikifuatiwa na konsonanti, weka kistari kilichojificha, kile cha ­, ambacho hakionekani mpaka mstari uvunjikie hapo. Mwanzo wa neno ziachwe angalau herufi mbili, mwisho tatu.

Siku ya kwanza nilijiona Frank Liang wa Mbagala.

Siku ya pili daktari akawa da-ktari. Septemba ikawa Se-ptemba. Alhamisi ningeacha ianze na herufi moja ingekuwa A-lhamisi. Maneno tuliyoyapokea kutoka kwa wageni yamekuja na silabi zao zilizofungwa, hayakuuliza mizani. Hayo nikayatengenezea orodha, nikaendelea.

Wiki ya tatu ndo nikakutana na lenyewe. Nilikuwa na wateja, vijana wawili wa ujenzi, mafundi wazuri na waaminifu, na mnajua sifa ya mafundi mjini hapa, ukimpa advansi leo kesho simu haipatikani. Kwa hiyo kaulimbiu yao wakaifanya neno moja tu, HATUTAKIMBIA. Mimi niliipenda sana. Neno moja, limejaa, halina mbwembwe. Wakati huo huo walikuwa wanatafuta mtu wa kuingia naye ubia kwenye kazi kubwa, walishakutana naye mara mbili, akawaambia ngoja niangalie websaiti yenu halafu tuongee.

Akaangalia kwenye simu. Kiprogramu changu kikakata. Kikakata kwa silabi, kwa usahihi kabisa, mwalimu wa Kiswahili angekipa vema: ha-tu-ta-ki-mbi-a. Mstari wa kwanza HATUTAKI, na kistari chake. Mstari wa pili MBIA.

Hatutaki mbia!

Yule bwana akawatumia skrinshoti WhatsApp na alama moja tu ya kuuliza. Kistari kilikuwepo, naapa kilikuwepo, lakini nani anasoma kistari? Mtu anayesoma hedingi anapita mbio, anaokota maneno, na yale yalikuwa maneno mawili kamili yenye maana kamili. Na rudini kwa mwalimu wangu: ku-ma-li-za. Silabi sahihi. Kanuni sahihi. Aibu ile ile. Wajerumani na kamusi zao zote wana neno Urinstinkt, silika ya asili ya kiumbe, ukilikatia panapostahili ni Ur na Instinkt, ukichelewa herufi mbili tu linasema mkojo unanuka. Kwa hiyo hata vijimfano vije, hata Kiswahili kiingizwe kwenye kila brauza duniani na mimi naomba kiingizwe, kwenye aya ndefu nitavitumia kwa furaha. Kwenye hedingi hapana. Hedingi ni mabango, bango lazima mtu mwenye masikio alipitie.

Sasa mimi nafanyaje? Naanza na saizi, kabla ya kukata chochote. Ile pikseli 64 ya leptopu haina kazi kwenye simu. Nilichoweka ni font-size: clamp(1.75rem, 7vw, 4rem), yaani herufi zifuate upana wa skrini ila kuna chini na juu hazipiti, kwenye skrini ya 360 inashuka mpaka pikseli 28 na pale UMEFUNGULIWA inaenea yote na nafasi inabaki. Maneno mengi yanaishia hapo, hayahitaji kisu. Kuna na text-wrap: balance, ilianza kuingia Chrome 2023, inagawanya mistari isiwe mmoja mrefu na mwingine una neno moja la yatima, inapendeza, ila haikati neno, msiitegemee kwa hilo.

Linalobaki refu ndo naliwekea ­ kwa mkono, na naweka sehemu moja, mbili zikizidi. Wapi? Kwenye kiungo ambacho mtu akiongea taratibu anaweza kuvuta pumzi. Walio, chaguliwa. Hatuta, kimbia. Nilikuwa na zahanati inataka hedingi ya Daktari Atakayekushughulikia, hilo la pili ni herufi 20, nikakata baada ya atakaye. Kanuni yangu ni moja tu na nimejifunzia pale chuoni: mzizi na mkia wake vikae pamoja. Kata mbele ya mzizi, usikate nyuma yake. Ume, funguliwa. Kamwe usifanye umefu, nguliwa. Ukishaiweka kwa mkono na hyphens ikabaki manual, ambayo ndo kawaida yake, brauza inafuata ulipoweka, na ile overflow-wrap inabaki kama tairi la spea.

Kuna kaka aliniuliza nje, si bora tuandike hedingi fupi? Wakati mwingine ndio. Ile ya zahanati mwisho wake tuliandika Daktari Wako na kila mtu akafurahi. Lakini msinigeuzie Kiswahili kiwe cha kukatakata kwa sababu templeti ilichorwa na mtu aliyepima maneno ya Kiingereza. HATUTAKIMBIA usiniambie niandike Tupo Daima. Sio kitu kile kile, fundi hawezi kuwa daima, anaweza kutokimbia.

Tahadhari mbili za haraka. Kama wateja wenu wanajiandikia hedingi wenyewe, jaribuni kwanza ile ­ inatokaje, sehemu nyingine inatokea mbele ya umma vile vile ilivyo, na alama yake ya nukta mkato, mimi imeshanitokea. Hapo bandika herufi yenyewe ya kistari kilichojificha, U+00AD. Na mtu akikopi neno, kile kistari kinaondoka nalo bila kuonekana, kwa hiyo kisiingie kwenye majina ya watu wala kwenye orodha mtakazotafutia kwenye mfumo.

Haya, nimebakiwa na dakika tano. Toeni simu. Kila mtu afungue websaiti aliyoitengeneza mwenyewe, sio ya jirani, aangalie hedingi. Ukiwa na simu pana igawe skrini, ubanie upande. Polepole. Naona watu wanaanza kunyamaza, dalili nzuri hiyo.

Dada wa mstari wa mbele, wewe unacheka peke yako. Nini hicho? Leta niwasomee? Ameniruhusu. Jamani ni ukurasa wa mikopo ya akina mama, hedingi inasema Kwa Wanaotaka Mkopo, na imekatika hivi: Kwa Wanao. Chini yake: Taka Mkopo.

Kwa wanao, taka! Na angalieni, hapo amekata kwenye kiungo kabisa, kabla ya mzizi, kanuni yangu imefuatwa na bado wanawe wamepewa taka. Hilo dada usilikate popote, lipunguze saizi lishuke zima. Unayo leptopu? Njoo tulimalize hapa hapa kabla chai haijapoa.